Jina la Aliyekwenda: Gurnah na Watu Wasiorudi

Mdogo wake bibi alipanda treni hapa Mpanda akiwa kijana, akaenda kukata mkonge Tanga. Hakurudi, wala barua haikuja. Nilipozaliwa, Nsemulwa, nikapewa jina lake. Kwa hiyo nilipoanza kumsoma Abdulrazak Gurnah sikuwa natafuta fasihi tu, niseme ukweli.

Wengi wetu tulimfahamu Oktoba 2021, aliposhinda Nobel. Lakini alikuwa akiandika riwaya tangu 1987, na karibu kila moja ina mtu aliyepotea. Mwenyewe aliondoka Zanzibar miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akiwa kijana. Katika Paradise (1994), ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la Peponi, Yusuf anachukuliwa kwa deni la baba yake. Mwishoni anakimbilia msafara wa askari wa Kijerumani, na kitabu kinaishia hapo. Alikwenda wapi? Gurnah hasemi.

By the Sea (2001) iligusa penginepo. Mzee Saleh Omar anatua Uingereza kuomba hifadhi kwa pasipoti yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban, ambaye waligombana naye sana, na mtoto wa huyo Rajab anaishi hukohuko. Ukikulia karibu na Katumba hushangai. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi pale, wakazaa, wakazeeka, na uraia ukaja 2014. Mtu wa hapa anajua kwamba swali la "wewe ni nani?" huulizwa na mwenye mhuri mkononi.

Ila kitabu changu ni Afterlives (2020). Ilyas anajiunga na jeshi la Wajerumani, vita vya 1914 vinaanza, anapotea. Dada yake, Afiya, anasubiri miaka na miaka. Anaolewa, anazaa mtoto wa kiume, anamwita Ilyas. Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Ni huyo mtoto, akiwa mtu mzima, anayekwenda Ujerumani na kupata habari za mjomba wake: alifia kambi ya Sachsenhausen. Msidhani ni chumvi. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam 1904, akawa askari akiwa mtoto, akahamia Berlin, akahudumu mahotelini, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Walimkamata 1941, akafia Sachsenhausen 1944. Mwaka 2007 jiwe la kumbukumbu lenye jina lake liliwekwa Berlin.

Lawama yangu ni moja: jibu la Ilyas limebanwa kwenye kurasa chache za mwisho, kama ripoti. Baada ya kusubiri na Afiya muda wote ule, nilitaka tukae. Tena aliyepatikana si shujaa. Alikuwa ameandamana na wale Wajerumani waliotaka kurudishiwa makoloni yao. Bibi angepokea habari ya namna hiyo? Nadhani angeipokea. Alikuwa akisikia honi ya treni anaacha kuchambua mchele, kisha anaendelea.

Likizo ijayo naenda Tanga. Shida ni nitakachouliza nikifika. Vibarua wale waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake, na mimi nilichonacho ni jina tu.