Mahindi na Mbaazi katika Konde Moja

Yamekuwapo madai, na hata leo hayajakoma kurudiwa, kwamba mkulima wa Kimamba, mkoani Morogoro, anayepanda mahindi na mbaazi, au mtama na kunde, katika konde moja, hufanya hivyo kwa kukosa elimu tu, na kwamba elimu yenyewe ililetwa na trekta.

Linalostahili kutazamwa kwa makini ni lile lililotokea jirani, huko Kongwa, ambako serikali ya Uingereza, kwa kufuata ripoti ya mtaalamu wa kilimo John Wakefield na wenzake ya mwaka 1946, iliazimia kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 za Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini ili kulima karanga kwa mashine, ilhali udongo ule ukishapigwa na jua hukakamaa, hata karanga zikakatalia ardhini. Na Januari 1951 mpango ukaachwa, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Wapo wanaoisingizia mvua. Udhuru huo sikubaliani nao hata kidogo, maana uchache wa mvua za Kongwa wenyeji wake Wagogo walikuwa wakiujua, na hapakuwa na aliyewauliza.

Miaka 9 baada ya aibu ile, mtafiti A. C. Evans alichapisha katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki matokeo ya kuchanganya mahindi au mtama na karanga, na ikadhihirika kwamba eneo lililochanganywa, kwa jumla ya mavuno yake, aghalabu hulishinda eneo kama hilo lililogawanywa kwa zao moja moja. Ushahidi huu, uliotoka kwa wataalamu wenyewe, husomwa na wachache mno, ijapokuwa Mei 1976 wanazuoni walikutana hapo Morogoro kulijadili jambo lilo hilo.

Wala siri yake si kubwa. Mbaazi iliyopandwa pamoja na mahindi wakati wa masika hukua polepole, hainyang'anyi kitu. Mahindi yakishavunwa ndipo inapotanua matawi, mzizi wake ukifuata unyevu uliobaki chini, hata kulipenya tabaka gumu linaloachwa na jembe la sahani la trekta, huku vifundo vya mizizi vikinasa naitrojeni ya hewani na majani yakipukutika kuwa mbolea. Kunde nazo, katika shamba la sesa, yaani lililolimwa bila matuta, hufunika ardhi na kupunguza palizi. Namna ya kulima nayo hubadili matokeo: katika udongo mzito wa mbuga ya Mkata, tuta huondoa maji yanayotuama; na anayeberega, yaani kupanda bila kulima kwanza, huhifadhi unyevu lakini magugu humwelemea.

Basi wanaoandika miongozo ya kilimo, kabla ya kumkataza mkulima kuchanganya mazao, waeleze kwanza shamba walilolipima lililimwa kwa jembe gani, katika udongo gani; pasipo hayo, katazo lao halina ithibati.