Kuchinja Mbili Kuponya Moja: Habari za Spea Tarime na Serengeti

Nilipoombwa kuandika historia, hapana shaka wengi mlitazamia habari za koo na mipaka. Nimechagua spea, kwa kuwa nawasikia vijana walioko shuleni wakidhani kwamba kufufua kompyuta kuukuu kumeanza na zama zao.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza mitambo hiyo bila kibali maalumu. Basi sisi tuliosoma mwanzoni mwa miaka ya themanini tulimaliza Kidato cha Nne bila kuiona hata moja. Lakini elimu ya spea tuliipata. Mpaka wa Kenya ulifungwa Februari 1977, ukafunguliwa Novemba 1983. Katikati yake vikaja vita vya Kagera, na fedha za kigeni zikakauka. Tairi la baiskeli likawa mali ya kufichwa. Sirari iko mlangoni mwetu, nami sitasema kwamba hakuna kilichopita usiku. Ila cha magendo kilikuwa ghali, na ulipokuja msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, wengi waliogopa hata kuonekana nacho.

Mafundi wetu walifanyaje? Walichinja. Ndilo neno la gereji hadi leo: gari lisilopona huchinjwa ili viungo vyake viponye jingine. Baiskeli mbili mbovu zilitoa moja ya kwenda mnadani. Redio ya National iliyoungua ilitoa spika na swichi. Fundi mmoja wa Tarime mjini alikuwa na debe zima la viungo, na kila kimoja alijua kimetoka redio gani. Sifa yake kubwa ilikuwa kujua kipi chakubaliana na kipi.

Elimu hiyo hiyo ndiyo itakiwayo katika kompyuta mpakato, au laptopu kama wasemavyo vijana. Hivi karibuni, huko Mugumu, nilimtazama kijana akichinja. Ya kwanza ilikuwa imevunjika kioo. Ya pili ilimwagikiwa chai, bodi ikafa. Ya tatu bawaba zake zilikuwa zimeng'oka. Akapata moja nzima. Kabla ya kuhamisha kioo alitazama plagi yake, maana vingine vina pini 30 na vingine 40, wala havibadilishani. Kwenye RAM alilinganisha mkato: DDR3 haiingii penye DDR4, hata uisukume namna gani. Tena DDR3 zenyewe ziko za volti 1.5 na za volti 1.35, na mashine iliyoundwa kwa hizi za pili yaweza kuzikataa zile za kwanza. Vipande viwili vya GB 4 vikawa GB 8. Kipya alichonunua ni SSD tu, ikakaa pale pale ilipokuwa diski ya inchi 2.5. Hiyo peke yake huifanya mashine ya mwaka 2012 iwake upesi ajabu.

Betri hakuichinja, na alifanya vyema. Betri ya lithiamu iliyovimba ni moto uliolala. Heri mashine itumie umeme wa ukutani. Chaja nayo volti zake ziwe zile zilizoandikwa chini ya mashine, na ampea zisipungue.

Wako wasemao tumegeuzwa jalala la Ulaya. Kwa sehemu ni kweli. Hata hivyo Windows 10 ilipoachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, mashine nyingi zisizokubali Windows 11 zilihesabiwa kuwa takataka hali zikiwa nzima. Ukiweka Linux, mwanafunzi anaandika na kusoma bila taabu. Ila mura, uliza imetoka kwa nani na uandikiane na muuzaji, kama vile ununuapo ng'ombe.

Jambo moja lanitia wasiwasi. Nyingi za laptopu nyembamba za siku hizi, RAM yake imelehemiwa kwenye bodi, na nyingine hata diski. Nilimwuliza yule kijana wa Mugumu kuhusu moja iliyokuwa mezani pake. Akaigeuza, akanionyesha ndani: kioo, kibodi, feni, basi. Akarudisha skrubu zake na kuiweka juu ya rafu pamoja na nyingine tano za namna hiyo.