Mbegu Isiyo na Ganda: Ovuli ya Kirukia katika Misitu ya Miyombo

Katika misitu ya miyombo ya Kasulu na Kibondo, kirukia huonekana vizuri zaidi wakati wa kiangazi, miyombo inapopukutisha majani nacho kikabaki kijani juu ya tawi la mwenyeji wake. Chuma tunda lililoiva, ulipasue kwa ukucha: mbegu hutoka imeviringwa na ulimbo, na ukijaribu kuipangusa kidoleni hujivuta kama uzi. Ganda la mbegu hulioni, kwa sababu halipo. Ulimbo ni sehemu ya tunda; ndani yake mna kiinitete na akiba yake ya chakula, basi.

Upungufu huo huanzia kwenye ua. Kwa kawaida ovuli, yaani kile kinachokuja kuwa mbegu, hufunikwa na tando mbili, ambazo baadaye huwa ganda la mbegu. Katika Lorantasea, familia yenye virukia vyetu vingi, ovari haina ovuli ya kuonekana. Kuna kinundu tu chenye vifuko kadhaa vya kiinitete. Vifuko hivyo havingoji. Hupanda ndani ya shingo ya ua kuilaki mirija ya chavua, na katika Moquiniella rubra ya Afrika Kusini kifuko hurefuka kufikia milimita 48, hadi kwenye stigma. Utungisho ukishapita, kiinitete husukumwa kurudi chini ovarini.

Wengi hueleza kwamba kimelea, kwa kuwa kinalishwa juu mtini na mbegu zake hubandikwa tawini na vitororo, hakikuhitaji tena ganda, kikaliacha. Maelezo haya yanageuza mfuatano wa mambo. Nuytsia floribunda wa Australia Magharibi ni wa familia hiyohiyo, tawi lililojitenga mapema kuliko yote. Umesimama ardhini, unanyonya mizizi ya jirani, na matunda yake makavu hupeperushwa na upepo. Hata hivyo nao hauna tando za ovuli. Misandali ya jenasi Santalum, jamaa wa mbali zaidi, nayo ni ya ardhini na ovuli zake ni tupu vilevile. Kwa hiyo nashikilia kwamba tando zilitoweka kwanza, na maisha ya tawini yakafuata. Ulimbo uliikuta mbegu tayari iko uchi.

Hata neno «kutoweka» nalitumia kwa tahadhari. Mwaka 2010 watafiti Brown, Nickrent na Gasser walifuatilia jeni za ANT na BEL1, zinazohusika na ukuaji wa ovuli, katika mimea mitatu jamaa: Comandra, Santalum na Phoradendron. Penye utando mmoja, jeni hizo zilifanya kazi kwenye utando huo. Pasipo na utando, zilifanya kazi kwenye tabaka za juu za ovuli yenyewe. Wakapendekeza kwamba huenda utando uliungana na kiini cha ovuli, au kiini kikatwaa baadhi ya sifa zake. Naona pendekezo la kwanza lina nguvu zaidi, lakini kati ya mimea ile mitatu hakuna hata mmoja wa Lorantasea. Ili kulipima katika familia hiyo vinahitajika vitumba vichanga, kabla vifuko havijaanza kupanda, na huku Kasulu vinaning'inia juu ya njia.