Wasiwasi

Neno hili lilitoka katika Kiarabu, ambako humaanisha mnong'ono wa shetani utiao shaka moyoni, na ingawa leo hutajwa kwa hofu yoyote, maana ya kale ingali hai kwa Waislamu wamwitao mwenye wasiwasi yule anayerudia kutawadha kwa kudhani kwamba kiungo kimoja hakikupata maji. Maana hiyo inakaribia mno maradhi ambayo madaktari wa akili huyatambua kwa fikra zinazojirudia bila kutakwa, pamoja na vitendo ambavyo mgonjwa hujiona amelazimika kuvifanya ili hofu itulie, hata anapojua kuwa vimepita kiasi.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alieleza tiba ambayo ingali msingi hadi leo: mgonjwa, akisaidiwa na mtaalamu, hugusa kile anachokiogopa, tuseme kitasa cha mlango, kisha hujizuia kunawa mpaka hofu ipungue yenyewe. Dawa za sonona zinazoathiri serotonini, yaani kemikali ya mawasiliano ya ubongo, nazo husaidia wengi. Jamaa wanaomhakikishia mgonjwa kila saa kwamba yu safi hufanya hivyo kwa mapenzi ya kweli, lakini faraja hiyo ya muda huuimarisha ugonjwa.