Kicheko cha Kashasha na Ufidhuli wa Kazini

Mnamo tarehe 30 Januari 1962, wakati Tanganyika haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru wake, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni katika kijiji cha Kashasha walishikwa na kicheko. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kiliwajia bila sababu, kikaondoka, kikarudi, kikachanganyika na kilio na fadhaa, na mtu aliyejaribu kuwazuia kwa nguvu aliweza kupigwa. Hata ilipofika tarehe 18 Machi, siku shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kushikwa. Wengine waliugua kwa saa chache, wengine kwa siku 16. Wenyeji waliyaita maradhi hayo kwa Kihaya endwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka. Wengine walisema ni akajanja, wazimu.

Watu wa nchi za mbali hukisimulia kisa hiki kama kioja, nao hucheka wakisimulia. Lakini madaktari Rankin na Philip, ambao taarifa yao ilichapishwa mwaka 1963, hawakukiona hivyo. Walichukua damu, wakapima chakula na maji, wakatafuta kijidudu cha kila namna. Hawakupata kitu. Wagonjwa hawakuwa na homa, wala hapana aliyekufa. Kilichopita kutoka kwa msichana mmoja hata mwingine hakikupita kwa maji wala kwa mbu. Kilipita kwa kuonana na kusikiana.

Jambo la kutazamwa kwa makini zaidi ni lile lililofuata baada ya shule kufungwa. Wasichana walirudishwa makwao, na hapana shaka waliowarudisha walitumaini kwamba moto uliotawanywa kuni zake utazimika. Baadhi yao kwao kulikuwa Nshamba, katika nchi iitwayo leo wilaya ya Muleba. Katika miezi ya Aprili na Mei watu 217 walishikwa huko Nshamba, wengi wao vijana. Mwezi wa Juni ikawa zamu ya shule ya wasichana ya Ramashenye, kando ya mji wa Bukoba, karibu na makao ya baadhi ya wanafunzi wa Kashasha. Wakaugua 48 kati ya 154. Huko Kanyangereka msichana mmoja alirudi nyumbani, na watu wa jamaa yake mwenyewe ndio waliotangulia kushikwa baada yake. Hata mambo yalipotulia, shule 14 zilikuwa zimefungwa, na watu wapatao elfu moja walikuwa wameonja ugonjwa huo. Dawa ilikuwa imebeba ugonjwa mgongoni.

Ufidhuli wa kazini husafiri kwa njia iyo hiyo, ila wenyewe haufungi shule, wala hapana mtu anayewahesabu wagonjwa wake. Mwaka 2016 wataalamu watatu waliokuwa wa Chuo Kikuu cha Florida, Foulk, Woolum na Erez, walitoa habari za wanafunzi 90 waliokuwa wakijifunza kupatana bei, kila mmoja na mwenziwe, kwa muda wa majuma saba. Aliyekutana na mwenzi fidhuli alionekana naye kuwa fidhuli mbele ya mwenzi aliyemfuata, hata ikiwa siku saba zimepita katikati. Katika jaribio jingine watu hawakutukanwa wenyewe. Walimwona tu mtu mwingine akikaripiwa kwa kuchelewa. Hilo peke yake liliwafanya wawe wepesi wa kuyatambua maneno ya ufidhuli walipopewa maneno wayasome. Basi mtu aliyepatwa halipizi kisasi tu. Masikio yake yamebadilika, naye huanza kusikia dharau mahali isipokuwapo.

Katika nchi ya Wahaya jambo hili lina uzito wake wa pekee. Ni nchi ya heshima nyingi. Salamu zake zina daraja, na kijana hamwamkii mzee kama amwamkiavyo rika lake. Mahali penye salamu nyingi, kunyimwa salamu moja ni tusi kamili. Mpima kahawa katika ghala la chama cha ushirika aingia asubuhi, amwamkia mwandishi wa stakabadhi, na mwandishi hainui kichwa. Pengine mwandishi anajumlisha hesabu zisizokubali kujumlika. Pengine jana katibu alimwita mjinga mbele ya wakulima. Mpimaji hajui. Saa nne aja mchukuzi kuuliza gunia liwekwe wapi, naye hujibiwa kwamba macho anayo. Mchana mkulima aliyetembea tangu alfajiri huambiwa kahawa yake ni mbichi, arudi kesho, na maneno hayo, ambayo huenda ni ya haki, hutamkwa kwa sauti isiyo ya haki. Mkulima huyo hamjui mwandishi wala katibu, lakini ugonjwa wao sasa ni wake, naye aenda nao nyumbani.

Wako watakaosema kwamba haya ni madogo, kwa kuwa kahawa hupimwa vilevile. Huko Israeli, katika habari zilizochapishwa mwaka 2015, vikundi 24 vya madaktari na wauguzi wa watoto wachanga vilijaribiwa kwa kutibu mgonjwa wa bandia. Vikundi vingine viliambiwa maneno ya kuvunja heshima na mtu aliyetambulishwa kama bingwa kutoka ng'ambo. Hivyo ndivyo vilivyokosea zaidi katika kutambua ugonjwa na katika kutibu, kwa kuwa watu waliacha kupeana habari na kuombana msaada. Muuguzi aliyedharauliwa hunyamaza, na neno alilolinyamazia huenda ndilo lililohitajiwa.

Iko tofauti moja kati ya kicheko na ufidhuli, nayo si ndogo. Huko Kashasha walimu hawakushikwa hata mmoja, na katika vijiji wenye elimu na madaraka walisalimika. Kicheko kilikaa kwa wasio na sauti, na Christian Hempelmann, aliyekichunguza upya mwaka 2007, alikieleza kuwa tunda la shida za watu wasioweza kuzisema. Ufidhuli aghalabu huanza upande wa pili, kitini. Katika maboma ya Waingereza watu wazima wenye watoto waliitwa "boi", na aliyeitwa hivyo asubuhi alijua la kumwita aliye chini yake ifikapo jioni.

TANU iliuona urithi huo. Mwongozo wake wa mwaka 1971, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi kiburi, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliushika kwa mikono miwili. Katika migomo iliyofuata hata mwaka 1973, hasa Dar es Salaam, malalamiko mengi hayakuwa ya mshahara. Yalikuwa ya mameneja wenye kutukana. Huo ulikuwa ushahidi mkubwa kwamba heshima ni sehemu ya ujira. Hata hivyo ibara ile ilitazama ngazi tu, juu na chini, ikawaacha watu wa meza moja, ambao hupeana ufidhuli bila cheo chochote kuhusika.

Kwa hao ofisi zina dawa yao ya siku nyingi, nayo ni uhamisho. Karani aliyewashinda wenzake wa Bukoba hupelekwa Muleba, na barua husema ni kwa manufaa ya kazi. Ofisi ya kwanza hupumua. Ya pili humpokea mtu ambaye hapana aliyeulizwa alikopata ukali wake, naye hukuta meza mpya na masikio mapya. Wale aliowaacha nyuma nao hubaki na yale waliyojifunza kwake.

Shule ya Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei 1962, wasichana wakarudi mabwenini. Walishikwa 57, na mwisho wa Juni ikafungwa mara ya pili.