Nyani Yupi, kwa Ugonjwa Upi? Hoja ya Ushahidi katika Utafiti wa Tiba

Mjadala kuhusu kuwatumia primati, yaani nyani, kima, tumbili na jamaa zao, katika utafiti wa tiba na chanjo umegawanya watu kambi mbili. Ya kwanza inashikilia kwamba wanyama hawa wako karibu nasi kibiolojia, kwa hiyo majaribio juu yao yana maana. Ya pili inaushika ukaribu huohuo na kuyahukumu majaribio yote kuwa dhuluma. Makala haya yanadai kwamba ukaribu wa jumla hautoshi. Kabla mnyama hajafungiwa maabara, ni lazima ithibitike kwamba spishi yake huugua ugonjwa unaochunguzwa, au hupokea dawa inayojaribiwa, kwa namna inayolingana na mwanadamu.

Homa ya manjano inaonesha uzito wa sharti hili. Mwaka 1927, katika nchi ambayo leo ni Ghana, watafiti waliofadhiliwa na Wakfu wa Rockefeller walitoa damu ya mgonjwa aitwaye Asibi na kumdunga makaki, aina ya kima, aliyeletwa kutoka India. Makaki huyo akaugua. Kima wengi wa Afrika hawakufaa kwa kazi hiyo, maana huambukizwa bila kuonesha ugonjwa. Kirusi kilichotoka katika damu ya Asibi ndicho kilichodhoofishwa na Max Theiler na wenzake hadi ikapatikana chanjo ya 17D mwaka 1937, ambayo hutumika mpaka sasa.

UKIMWI unatoa funzo hilohilo. Tumbili wa Afrika hubeba kirusi kilicho jamaa ya VVU, na kwa kawaida hadhuriki. Makaki wa Asia akiambukizwa baadhi ya virusi vya kundi hilo hupata maradhi yanayofanana na UKIMWI. Wote wawili ni primati, lakini mmoja hawezi kujibu swali la mwenzake.

Kupuuza tofauti hizi kuna gharama. Machi 2006, jijini London, watu 6 waliojitolea walipewa dawa ya TGN1412 kwa kipimo kilicho chini mara 500 ya kile ambacho makaki walikuwa wamekistahimili. Wote 6 walilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vyao vikianza kushindwa kufanya kazi. Baadaye ilibainika kwamba seli fulani za kinga za makaki hazina kipokezi ambacho dawa hiyo hukilenga kwenye seli za aina hiyo za binadamu. Usalama wa makaki ulikuwa kweli, lakini ulikuwa ukweli wa makaki.

Kinyume chake, utafiti wa kichocho uliofanywa kwa nyani katika taasisi ya utafiti wa primati iliyopo msitu wa Oloolua, Nairobi, una msingi imara. Nyani wa porini huambukizwa minyoo ya kichocho cha tumbo bila kupandikizwa na mtu. Vilevile nyani jike hupata hedhi, na anaweza kupata endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake. Panya wa kawaida wa maabara hapati hedhi, hivyo hawezi kuchukua nafasi yake kikamilifu.

Wapo watakaosema kwamba hata ushahidi ukipatikana, mnyama anateseka. Ni kweli, na ndiyo sababu ushahidi ni sharti la kwanza tu, si ruhusa kamili. Penye seli au tarakilishi inayoweza kujibu swali, mnyama aachwe. Lakini Ebola haiwezi kupandikizwa kwa binadamu ili kupima chanjo. Makaki huuawa nayo kama sisi. Chanjo iliyowakinga mwaka 2005 ndiyo iliyojaribiwa Guinea mwaka 2015, kisha maelfu ya watu wakachanjwa nayo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kwa hiyo kamati za maadili za Afrika Mashariki zisikubali ombi linalojitetea kwa kusema tu kwamba nyani anafanana na mtu. Zidai ushahidi wa spishi hiyo kwa ugonjwa huo, na zilazimishe matokeo yote yachapishwe, hata yale ya kushindwa, ili mnyama mwingine asiteswe kwa swali lililokwisha jibiwa. Ombi lisilotimiza hayo likataliwe.