Kuziba Pancha

Neno pancha, tulilolipokea kutoka Kiingereza tukalivika lafudhi yetu, aghalabu hufuatana na kitenzi kuziba. Nacho, ijapokuwa ni fasaha, humghuri mwenye pikipiki akadhani kazi yote ni kufunika tundu. La hasha! Fundi mwenye hadhari, kabla ya kutia kiraka, huusaka kwanza msumari ndani ya tairi, kwani ukisalia utaitoboa tyubu mara ya pili. Kisha huparuza mpira kwa msasa, akapaka gundi, na (hapa ndipo wengi wafanyapo pupa) akaisubiri ikauke hata inate kidogo tu, ndipo akakandamiza kiraka. Tyubu nayo huitia upepo kidogo kabla ya kuirudisha, isije ikabanwa na vyuma vya kuvalishia tairi. Ama tundu la ubavuni, mahali ambapo mpira hujikunja kila gurudumu lizungukapo, hilo halina dhamana, na tairi sharti libadilishwe. Basi, ewe dereva wa bodaboda, fundi akikwambia "nimeziba," muulize alichokikuta ndani ya tairi kabla hujampakia abiria.